Fisi Aliyefunga Upepo

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana kabla ya kulana, kipupwe kilikuja kikavu. Ule upepo wa baharini uletao manyunyu haukuonekana, na majani yakawa vumbi.

Fisi, tumbo mbele akili nyuma, akamsujudia Simba. "Mfalme, upepo nimeufunga mimi pangoni. Wanaotaka mvua walete nyama."

Simba akaamini. Kile kichwa kilikuwa na manywele mengi, nafasi kidogo. Nyama ikaliwa, mvua haikuja, hata Fisi akamtaka mtoto pekee wa Swala.

Swala akamkimbilia Sungura. "Shoga, leo wanamchukua!"

"Futa kamasi. Leo tunaoga mwaka. Twende tukaoge kwanza."

Wote waliteremka baharini kuoga mwaka, kujitosa majini kuupokea mwaka mpya kama ada yao, isipokuwa Fisi. Yeye na maji hawajuani. Mwenye pua haulizi. Sungura alipojitosa akashangaa. Maji ya kipupwe huuma, haya yalikuwa kama uji uliopoa.

"Bibi Kasa, nani kayapasha?"

"Joto lilihamia mashariki, mbali huko," akajibu Kasa. "Upepo ukalifuata, mvua ikawanyeshea samaki. Sasa limerudi kwetu, na upepo u njiani. Jioni msianike nguo."

Wenzake walikuwa wametangulia kurudi, Sungura akawafuata mbio, masikio yanachuruzika. Fisi alikuwa keshamkamata mtoto wa Swala mbele ya Simba.

"Mjomba Fisi, huo upepo umeukaza sawasawa?"

"Kwa kamba ya mkonge!"

"Hauponyoki?"

"Mpaka nishibe!"

"Na ukiponyoka?"

"Niliwe mimi badala ya hiki kitoto!" Fisi akacheka, udenda tiriri.

"Umesikia, Mfalme," akasema Sungura. "Basi kabla hajaliwa mtu, tusimulie ukoo wako."

Hapo ndipo pa Simba. Alianza kwa babu wa babu yake, akaeleza kila jino. Fisi anapiga miayo. Jua likainama. Simba hajafika hata kwa baba yake, majani makavu yakaanza kuruka, kukanukia chumvi, tone likamwangukia puani.

Simba akalilamba. "Fisi, kamba yako vipi?"

Fisi alifungua mdomo, mvua ikamjaa humo humo.

Simba akamla papo hapo, akinung'unika kwamba ananuka. Swala hakungoja kuaga mtu. Alimsukuma mwanawe kwa pua, wakaondoka wameloa chapachapa.

Yangu yameishia hapo. Anayemwonea Fisi huruma, angempelekea mwanawe.