Popo, Fisi na Picha ya Shimo

Nije, nisije?
*Njoo, nafasi ipo!*
Nije na nini?
*Na jambo!*

Popo alibuni kitu. Alipiga ardhi hapa, du! akasikiliza, akatia alama kwenye majivu. Akapiga pale, du! akasikiliza, akatia alama. Alama zilipoungana, ikatokea picha ya shimo lililo chini, na kila aliyelala humo. Kwa picha hiyo aliwaokoa wengi waliofukiwa na udongo.

Fisi akaitaka. Akawaza vitoto vyote vinavyojificha chini ya ardhi, mate yakamdondoka, ndo, ndo, ndo. Popo akamkatalia, maana huko mwituni kitu kipya ni mali ya aliyekibuni. Fisi akaenda kushtaki kwa hakimu Nyati.

“Si kipya,” Fisi akasema. “Nguchiro hupiga ardhi na kusikiliza. Buibui huchora nyuzi. Unganisha, basi. Fundi yeyote angeliona hilo, kwa hiyo ni la wote.”

Nyati akawauliza. Nguchiro akakubali kwamba hupiga. Buibui akakubali kwamba huchora. Wanyama wadogo waliokuja kusikiliza wakasogeleana. Popo akakumbuka kwamba siku alipoonyesha picha ya kwanza, Nguchiro alimnong’oneza, “Hata mimi hilo nimeliwaza zamani.” Akilirudia hapa, yamekwisha.

“Nguchiro,” Nyati akasema, “uliwahi kufikiria kuchora unachokisikia?”

“Hakimu,” Popo akadakia, “kabla hajajibu, nimuulize Mzee Fisi neno dogo. Mzee, ukishinda, utaanza kupima wapi?”

Fisi hakujizuia. “Kichuguu kile cha karibu na mto. Mna vitoto vinene mle, kila jioni nasikia harufu yao.”

Kichuguu kile kilikuwa nyumba ya Nguchiro. Akamtazama Fisi, akamtazama Nyati.

“Sikuwahi,” akasema kwa sauti ndogo. “Mimi nikisikia uwazi, nasikia uwazi tu. Hata ningezeeka, hilo lisingenijia.”

“Nawe Buibui?”

“Mimi nachora ili nile, hakimu. Ya chini siyajui.”

Nyati akafikiri, akafikiri tena. Mwisho akasema, “Wenye vipande wenyewe hawakuona kwamba vinaungana. Basi halikuwa jambo la wazi. Ni la Popo.”

Fisi akaondoka akiburuta miguu, shwa, shwa. Nguchiro akakimbilia kwa watoto wake, akawalalia wote kwa pamoja.

Nami nimefika mwisho, koo limekauka.
*Kunywa maji, upumzike!*
Na funzo lake, watoto, na msicheke: mbele ya hakimu semeni kweli tupu, kama Nguchiro.