Mlango wa Faki na Mize

Mlango wa nakshi hauzuii mvua. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia yule bwana harusi aliyekuwa akijisifia makochi mapya hali kodi ya nyumba imemshinda. Mlicheka, kisha mkaja mbio kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika kijiji cha mikarafuu kisiwani Pemba, walikuwako mume na mke vijana, Faki na Mize, pamoja na mtoto wao mchanga, Salha. Walikuwa wakiishi katika chumba kimoja kwa Bi Raya, mama yake Mize. Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana. Walichuma na kuchambua mpaka vidole vikaingia weusi, na msimu ulipokwisha walikuwa na fedha ya kujengea kibanda chao wenyewe: miti mizuri, udongo, na makuti mapya. Fedha ya kibanda ilikuwapo. Ya kibanda na majivuno haikuwapo.

Desturi ya matajiri wa enzi hizo ilikuwa kusimamisha mlango kwanza, kisha nyumba ikajengwa kuufuata. Lakini nyumba zao zilikuwa za mawe na chokaa. Faki hakuyatazama mawe, aliutazama mlango. Akaenda kwa fundi, akaagiza wa mti wa mfenesi, wenye maua ya kuchonga na misumari ya shaba. Mize naye hakumzuia. Tuseme kweli, alikwisha kujiona ameketi barazani, wenzake wakipita na kumwonea wivu.

Mlango ule ulikula karibu fedha yote. Iliyobaki ilinunua miti myembamba, na paa likaezekwa kwa makuti makuukuu yaliyoshushwa kwenye banda la mbuzi la jirani. Wakasema wataezeka upya kabla ya masika. Lakini watu walikuja kuutazama mlango, na kila aliyekuja alipewa chai na mkate wa kumimina, maana huwezi kuwa na mlango kama ule ukamwacha mgeni aondoke mdomo mkavu. Akiba ya makuti ikanywewa chai yote.

Hofu ilimwingia Mize mchana mmoja alipolala chali akimnyonyesha Salha, akaiona mbingu. Paa zima lilikuwa chekeche. Tangu hapo hakuwa na raha. Wingu likipita, alikusanya nguo za mtoto. Upepo ukivuma, alimnyakua mtoto hata kama amelala. Ukuta wa mbele nao ulikuwa umeanza kuinama, kwa sababu mlango ulikuwa mzito kuliko nyumba. Kila asubuhi aliugusa ukuta ule, akausikia unatikisika, na hakumwambia mtu.

Bi Raya akaja kuwaona.

"Rudini kwangu masika yapite, wanangu. Chumba chenu kipo."

Faki akainamisha macho. "Mama, watu wote wameuona mlango. Tukihama tutachekwa."

"Na mkibaki?"

Faki akatoka kwenda kuifuta misumari ya shaba. Mize alitaka kusema kwamba yeye anaogopa, lakini akainuka kumtilia mama yake chai. Hata yeye aliogopa kuchekwa.

Masika yakaingia alasiri moja. Yalianza matone makubwa, kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja. Maji yalipita paani kana kwamba hakuna paa. Mize alikisukuma kitanda cha Salha pembe hii, akakivuta pembe ile, asipate pembe kavu. Udongo wa kuta ukaanza kumeguka mapande kwa mapande. Halafu miti ya ukuta wa mbele ikalia.

"Faki, tutoke!"

Faki akauvuta mlango. Ulikuwa umevimba kwa maji, haukufunguka. Akavuta kwa nguvu zake zote, na ukuta mzima ukataka kumfuata. Akashtuka, akaacha kuvuta, akauwekea bega ili usiwaangukie.

"Uache, Baba Salha! Utakuua huo!"

"Nikiuacha unavunjika! Mali yetu yote hii, Mize!"

"Na uvunjike! Mali yetu ninaye mimi hapa mkononi!"

Hakungoja jibu. Alimfunga Salha kifuani kwa kanga, akaugeukia ukuta wa nyuma, akauchimba kwa kucha. Udongo ulikuwa umelainika kama uji. Akazivunja fito, akapasua tundu, akatoka kinyumenyume akikikinga kichwa cha mtoto. Alipokuwa nje akamwita mumewe. Akabaki amekodolea macho tundu lile. Ndipo Faki akachomoka humo, amejaa matope, na nyuma yake mlango ukaanguka ndani pamoja na ukuta, juu ya kitanda cha Salha. Kitanda hakikufaa tena hata kwa kuni.

Mvua ilipopungua, akapita mgeni na punda wake. Aliuona mlango umelala matopeni, mzima, maua yameoshwa, misumari inang'aa.

"Mashaallah! Mlango mzuri huu!"

Mize alikuwa akimpangusa mtoto matope usoni. "Mzuri, baba," akasema. "Lakini mlango wa nakshi hauzuii mvua."

Mgeni akacheka akidhani ni mzaha. Kisha akamwona mtoto ndani ya kanga iliyorowa, kicheko kikamwisha, akamswaga punda, akaenda zake. Neno lile akaenda nalo.

Faki na Mize walirudi kwa Bi Raya. Mlango wakamuuzia mwenye nyumba ya mawe, kwa hasara, na kwa fedha ile wakajenga tena. Paa likawa la makuti mazito. Mlangoni wakatundika jamvi. Watu wakawacheka, na kicheko hakikumrowesha mtu.

Salha alipokua akaposwa. Wazee wa mchumba wakampeleka Mize kuitazama nyumba atakayoolewa Salha, na mchumba akamsimamisha mlangoni muda mrefu akimwonyesha nakshi na kitasa. Mize akampita. Akaingia ndani, akalala chali sakafuni mbele ya wazee hao, akalitazama paa.

Mlango wa nakshi hauzuii mvua.