Senkondo Wawili

Jina hurithiwa, tumbo halirithiwi. Mliisikia jana kwenye posa, na leo hamniachi nichambue maharage yangu kwa amani. Haya, methali hii ilianza hivi.

Zamani huku kwetu milimani, pombe ya ndoa haikunywewa kabla wazee wa pande mbili hawajahesabu mababu, kila upande wake, mpaka wa saba. Koo zikikutana kwa babu mmoja, mtungi humwagwa na ndoa imekufa hapo hapo.

Siku ya Nakunda, aliyeposwa na Mbonea, wazee walihesabu. Mzee Kangero, ami yake Mbonea, alipofika kwa babu wa tano alisema, “Senkondo wa Mfereji wa Juu.” Wazee wa upande wa Nakunda wakatazamana. Babu yao wa tano naye alikuwa Senkondo wa Mfereji wa Juu.

“Basi hawa ni ndugu,” akasema Kangero. “Mwageni pombe.”

Nakunda alisikia akiwa jikoni. Alimpenda yule kijana kwelikweli, akaketi sakafuni na kulia bila haya. Bibi yake, Namsi, akaacha mwiko ndani ya chungu, akatoka hadi mbele ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hakuitwa.

“Shikamoo, wazee. Huyo Senkondo wenu alizaliwa na nani?”

Kangero alikunja uso. “Mama, hapa tunahesabu mababu.”

“Na hao mababu waliota kama uyoga?”

Watu wakacheka. Kangero akakubali kujibu. “Mama yake alikuwa Nanzia.”

“Wetu mama yake ni Namkunda. Mama mkwe wangu alinisimulia tukitwanga. Namkunda alikuja Mfereji wa Juu mwaka wa njaa, mjane mwenye mimba. Senkondo wenu, wakati huo mtu mzima, alimpa chumba cha kujifungulia. Mtoto alipozaliwa, akapewa jina la mwenyeji, akakulia pale pale.”

Kangero akajipiga paja. “Ni kweli! Baba alikuwa akisema kuna mgeni aliyejifungua kwetu, akachinjiwa mbuzi mweusi.”

“Mbuzi mweusi mwenye pembe moja,” akasema Namsi.

“Pembe moja, ndiyo! Lo, mama, tulitaka kuua ndoa ya watu kwa uvivu wetu. Tumehesabu majina, tukawasahau waliozaa.”

Wanaume wazima walishusha pumzi. Mtungi ukafunguliwa, na Namsi akapewa kibuyu cha kwanza. Nakunda alicheka hata kabla machozi hayajakauka.

Huyo Nakunda ndiye bibi yangu mimi, kwa hiyo hamkosi la kumshukuru Namsi. Tangu siku ile, kwetu anayetaja babu humtaja na mama aliyemzaa. Na wewe uliyeniambia jana kwamba huwezi kumwoa yule binti kwa kuwa babu zenu wana jina moja, nenda kwanza ukaulize mama zao ni nani. Jina hurithiwa, tumbo halirithiwi.