Chaza wa Kuazima

Wekeni simu chini, kina mama. Nitasema mara moja.

Palikuwa na mwanamke mmoja, wa kijiji cha pwani, aliyepewa amana ya kapu. Kapu la wavu, limefungwa kwenye mkoko, ndani yake mna chaza wa ghuba ile ile wanamotoa chaza wao wanakijiji. Bahari ikibadilika, watu wa vipimo huja kuchukua chaza wa kapuni, wakapime kama maji yameingia sumu. Wakionekana wazima, kijiji kinakula. Wakiwa wabovu, visu vinakaa nyumbani.

Sasa maji yakageuka rangi ya chai. Ikapigwa mbiu: asile mtu chaza mpaka jibu litoke. Watu wakashinda kwa uji mtupu. Asubuhi ya wageni wa vipimo kufika, mwanamke akavuta kapu. Chaza wamekonda, wengine wameachama, wananuka.

Akaona haya. Si hofu, ni haya. Wageni watoke mjini kote huko, waje waoneshwe uozo? Watasema wanawake wa hapa hawajui kutunza kitu. Akawamwaga chaza wale, akaenda mbio hori ya mbali, mkono wa bahari wenye maji safi, akarudi na chaza wanono, akajaza kapu. Wageni wakamsifu, wakachukua.

Jibu likarudi: salama. Kijiji kizima kikateremka na visu.

Jirani yake akamletea bakuli la kwanza, wanawe nyuma yake wanameza mate.

"Kula, somo. Hawa nimewakataza wasiguse mpaka uonje wewe uliyetutunzia."

"Mmewatoa wapi?"

"We naye. Si hapo hapo penye kapu lako."

Bakuli linafuka, na sumu ile haifi kwa moto. Neno moja lilitosha. Mnadhani alilisema? Alitia chaza mdomoni, akatafuna, akameza.

"Watamu," akasema.

Watoto wakala.

Jua halijafika utosini, yule mdogo akalalamika midomo imekufa ganzi. Hapo ndipo mwanamke alipopiga kelele, mwageni vyungu. Wakapakiwa gari la samaki kwenda hospitali, na yeye mwenyewe miguu haimbebi. Mdogo hakurudi.

Mnamlaani, eti? Ngojeni kwanza. Sisi tukiulizwa habari za nyumbani, tunajibu nini? Salama. Mume anakupiga, salama. Mwanao anavuta unga chumbani, salama. Shehe akija unaazima mkeka, unamwonesha nyumba isiyo yako, anakuombea dua ya shukrani nawe ulihitaji ya kuokolewa. Mwenyezi Mungu humfichi, anaona. Asiyeona ni jirani, na jirani ndiye atakayekula.

Kesho wenye binti watabisha hodi kwako, kuulizia tabia za mwanao huyo wa chumbani, aliyeposa kwao. Utawajibu nini?