Mbio Mbele ya Saa ya Bwana

Panzi wakishikana mieleka nyasini hawainui macho. Laiti wangeyainua, wangemwona kunguru ametulia tawini, anawangojea wachoke. Obiero na Bosire nao hawakuyainua.

Miaka ile msitu wa Kericho ulipokuwa ukifyekwa ili chai ipandwe, wawili hawa walikuwa matarishi wa shamba la mzungu mmoja. Kila asubuhi walipanda njia ya msituni, mwinuko wa kukata pumzi, hadi kambi ya wapimaji ardhi kileleni. Obiero alibeba barua, Bosire chakula. Safari hiyo ilihesabiwa kazi ya siku nzima, kumbe iliwachukua nusu yake tu, na siri hiyo waliijua wao wawili. Saa zilizobaki waliketi juu ya jiwe kileleni. Mawingu yakitawanyika, Obiero aliliona ziwa na ufuo wa kwao, alikomwacha mkewe Syprose na mtoto ambaye hajawahi kumpakata. Bila jiwe lile, angekwisha kutoroka shamba.

"Moshi ule ni wa Syprose," alizoea kusema.

"Lo! Moshi wa vijiji kumi, wote wa Syprose!" Bosire alikuwa akimcheka.

Siku moja, kwenye foleni ya posho, utani ulipita kiasi.

"Samaki hana miguu," Bosire alisema watu wakisikia. "Mla samaki atatoa wapi mbio? Huyu namkokota mlimani kama mbuzi wa soko!"

Watu wakaangua kicheko. Obiero alihisi uso ukimwaka.

"Wewe na ndizi zako! Nikikimbia kweli, utaona kisogo changu tu."

Nyapara Nganga akayafikisha maneno hayo kwa bwana. Bwana akatabasamu, akatoa saa mfukoni. Atakayetangulia kwenda na kurudi angevishwa kofia nyekundu ya tarishi mkuu.

Asubuhi ya mashindano Bosire alimsogelea mwenzake. "Ndugu yangu, nilikosa. Tutembee tu kama kawaida."

"Umeogopa!" Obiero akamjibu kwa sauti, ili wote wasikie.

Basi filimbi ikalia. Walikimbia kama waliofukuzwa na nyuki. Mizizi ilimchuna Obiero vidole, matawi yakamchapa usoni, na jiwe lao akalipita bila kugeuza shingo. Jua halijafika utosini alikuwa amerudi uwanjani, Bosire hatua chache nyuma yake. Watu wakamshangilia, wakambeba juu juu. Bwana hakushangilia. Alikuwa akiitazama saa.

"Kumbe nusu siku," alimwambia nyapara. "Barua asubuhi, chakula mchana. Mtu moja natosha."

Bosire alifukuzwa siku hiyohiyo. Alifunga blanketi lake, akasimama mbele ya Obiero. "Umeshinda, ndugu yangu," akasema, wala hakumpa mkono.

Obiero akabaki na kofia yake nyekundu na mlima mara mbili kwa siku, huku nyapara akimngojea chini na saa mkononi. Miezi saba hajaketi kileleni. Siku moja mawingu yalitawanyika, ziwa likang'aa lote mpaka ufuoni kwao. Alitamani kusimama, hata kwa pumzi moja tu. Akaikumbuka saa, akapita anakimbia, machozi yakimtiririka, na hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Chini huko bwana alikuwa barazani akinywa chai yake taratibu. Ama kweli, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.