Kizimba cha Kona katika Soko la Msindo

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana waliokuwapo bado wanasimulia kwa hasira, palikuwa na mji ukiitwa Msindo. Sokoni kwake palikuwa na miti arobaini ya mikungu, na chini ya vivuli vyake watu waliuza, walinunua, walisutana, wakapatana.

Akaja meya, Mheshimiwa Shebughe, mtu wa kubadili suti mara tatu kwa siku. Akaitazama mikungu, akakunja uso. "Majani haya ni uchafu," akasema. "Mji wa kisasa ni lami na vioo."

Madiwani wakapiga makofi. Wangepiga makofi hata angesema jua lipakwe rangi.

Akaitwa Kihiyo, mkata miti wa manispaa. Kihiyo alijua ni kosa, lakini aliogopa kufukuzwa kazi. Akawasha msumeno. Ukaanguka mkungu wa kwanza, ukaanguka wa pili, ikaanguka thelathini na tisa. Kwenye wa arobaini akamkuta Bi Zawena, mpika vitumbua, ameukumbatia.

"Toka, mama."

"Sitoki! Ukiukata, unikate na mimi."

Kihiyo akazima msumeno. Mti ukabaki. Lakini tusimpambe Bi Zawena: alikuwa akitetea kivuli cha jiko lake, na waliokuja kujibanza pale aliwafukuza kwa mwiko.

Lami ikamwagwa. Soko likaezekwa mabati ya chini chini, bila tundu la kutolea hewa. Meya akakata utepe, akakimbilia ofisini kwenye kiyoyozi.

Kiangazi kikaingia. Joto likapanda, nyanya zikaoza kabla ya adhuhuri. Joto likazidi, watu wakaanza kuanguka. Akaanguka Mwajabu, muuza mchicha, mwenye mimba ya miezi saba. Wenzake wakambeba mpaka kwenye mkungu, wakiogopa mwiko. Bi Zawena akamtazama, akazima jiko lake, akammwagia maji yote aliyokuwa nayo. Mwajabu akafumbua macho. Tangu siku hiyo hapakupikwa tena kitumbua pale, palilazwa wagonjwa. Kiangazi kile walilazwa kumi na wanane, wakapona wote.

Mmoja hakuwahi kufikishwa. Alianguka juu ya lami, hatua ishirini tu kutoka kivulini, akakata roho. Alikuwa mama yake Kihiyo.

Meya akahuzunika sana. Akagawa mapepeo ya karatasi yenye picha yake.

Hapo Fundi Ngwali, mwashi, akachoka kusubiri. Akakoroga chokaa, akapanda juu ya mabati, akayapaka yakawa meupe pe. Akatoboa matundu paani ili joto litoke. Alipanda siku saba. Siku ya saba akateleza, mguu ukavunjika mara mbili, na mpaka leo anachechemea. Lakini jioni ile soko lilipumua.

Na Kihiyo? Alimzika mama yake, akaacha kazi, akabandua lami, akapanda mikungu thelathini na tisa palepale alipoikata. Akaimwagilia kwa ndoo miaka mitano. Watu walimpita wakimwita muuaji. Yeye aliinama akamwagilia. Mwaka wa sita matawi yakakutana juu ya barabara, kivuli kikafika hadi zahanati na shuleni.

Ndipo baraza likatangaza zawadi kwa aliyeliokoa soko na joto: kizimba cha kuuzia cha kona, kile kinachopata upepo wa kwanza, kiwe cha mtu mmoja na wanawe daima.

Meya akawa wa kwanza kusimama. "Ni changu! Nisingekata miti, wangepanda nini? Nisingeezeka mabati, wangepaka nini?" Madiwani wakapiga makofi. Wanawake wa sokoni wakasonya kwa pamoja, meya akakaa.

Bi Zawena akasema, "Chokaa ilikuja watu wamekwisha kuanguka. Miti ilikuja baada ya miaka. Mimi nilikuwapo siku ile ile."

Fundi Ngwali akasema, "Mti wako ulifunika watu kumi na wanane, tena kwa kuwachagua. Mimi nilifunika soko zima, na mguu wangu ndio ushahidi."

Kihiyo alisema kwa sauti ndogo. "Chokaa huoshwa na mvua, na mkungu mmoja ni mmoja. Niliyoipanda itawafunika wajukuu wenu. Sikitaki kizimba kwa ajili yangu, nakitaka kwa binti yangu, aliyemkosa bibi yake."

"Na ni nani aliyemkosesha?" Bi Zawena akamuuliza.

Mwajabu akasimama amemshika mtoto wake mkono, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu, akakaa. Baraza likavunjika bila uamuzi, na kizimba kiko wazi hadi sasa.

Basi semeni nyinyi mnaonisikiliza, na meya msinitajie: aliyelinda mti mmoja kwa uchoyo ukaokoa watu, aliyevunjika mguu akilipoza soko, na aliyeua kivuli kisha akakirudisha kwa miaka yake, je, nani alistahili?