Kutu Iliyobaki Kwenye Hita

Alikuwepo baba mmoja wa huku kwetu tambarare, wanangu, huku kwenye jua la kubanika watu. Ana gari kuukuu, likikiona kilima tu linachemsha. Na mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakasikia madaktari wa macho watafika hospitali ya kule mlimani, Jumatatu, siku moja tu. Atakayewahi atapasuliwa, atakayechelewa angoje mwakani.

Basi Jumamosi yule baba akalisafisha gari mwenyewe, pale pale uani. Akafungua kizibo cha chini ya rejeta, lile tangi la kupoza injini, maji yakatoka mekundu kama ya udongo wa kichuguu. Akajaza maji safi, akawasha injini mpaka ikapata moto, akazima, akaacha ipoe, akamwaga tena. Mkewe ndiye aliyekuwa anamchotea ndoo.

"Baba Tumsifu," mkewe akamwambia, "kaka yangu akisafisha hufungua na hita, ati maji yapite na huko."

Baba akacheka. "Tangu ninunue gari hili sijaigusa. Jua lote hili halikutoshi, mama, unataka nikuwashie na jiko?"

"Haya, mimi nimesema tu."

Mara ya tatu maji yakatoka meupe. Akamwita jirani aje aone. "Haya hata kunywa unakunywa," akasema.

"Tangulia wewe," jirani akamjibu.

Akatia yale maji ya kijani ya dukani, akafunga, roho yake safi kabisa.

Jumatatu wakaupanda mlima, mshale wa joto umetulia tuli. Huko juu ukungu, baridi inakata. Bibi akajikunyata kiti cha nyuma, meno yanagongana.

"Mwanangu, nasikia baridi."

Mtoto mwema yule. Akanyoosha mkono akafungua hita. Basi maji ya injini yaliyokuwa yamelala ndani ya mabomba yake miaka kumi na moja, na kutu yake yote, yakashuka yakaingia kwenye yale mapya. Hawakufika mbali, rejeta ikaziba, mvuke ukafoka. Wakakaa kando ya barabara, wanangoja ipoe, wanamwaga, wanachota maji mtaroni, wanamwaga tena, safari hii na hita iko wazi. Walipofika hospitali ilikuwa saa kumi jioni. Madaktari wamekwishaondoka.

Wakageuza gari kurudi. Njiani bibi akauliza, "Ile ya joto umeifunga?"

"Naiogopa, mama."

"Ifungue. Bado nina baridi."

Sasa niambieni nyie. Yule baba alikuwa mvivu? Si alimwaga mara tatu? Alikuwa na roho mbaya? Si alifungua kwa mapenzi?

Na sisi je? Tunakuja hapa tunatubu masengenyo, tunatubu uzito wa kusali, tunamwaga mpaka yanatoka meupe, tunaitana tuje tuone. Lakini kuna pahali hatupagusi, kwa sababu siku zote hizi hakuna aliyepahitaji. Halafu siku moja dada yako ambaye hamkupatana kwenye msiba wa baba anakuja mlangoni, ameachwa, anatetemeka. Unamkaribisha kwa moyo kabisa, unamwekea chai. Kabla hajaimaliza, mdomo wako unasema, "Leo ndiyo umejua kuwa una ndugu?" Wewe mwenyewe unashangaa neno hilo limetoka wapi. Na mwenzio joto tu ndilo alilolifuata kwako.

Kwa hiyo leo tukifika nyumbani, kabla hajaja mtu, tukae na Mungu wetu tumwambie, Baba, pita na huku. Yatatoka mabaya. Yatoke, tumwage.

Maana yule bibi alimsamehe mwanawe palepale barabarani, hata kinyongo hana. Anampapasa uso kila asubuhi, anamwita mwanangu. Ila hamwoni.